Waliotekwa Walikuwa na Nyuso

Asubuhi ile tulikuwa tunapamba nyumba ya binamu yetu Terezia, aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Kwetu, kaskazini mwa Msumbiji, kupamba ukuta ni kazi ya wanawake. Unaukandika kwa udongo mwekundu, unauacha ukauke, kisha unachora kwa udongo mweupe wa mtoni, kwa vidole tu. Mimi nilichora samaki na majani. Mdogo wangu Lusia alichora mistari, na mistari yake ilinyooka kuliko yangu. Mama alikaa kivulini, anamenya mihogo na kutukosoa.

"Huyo samaki wako mjamzito, Anjelina."

"Ndiyo baraka ya bibi harusi, Mama."

Lusia alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ameolewa na Benedito, fundi baiskeli, ambaye siku hiyo alikuwa amekwenda mjini kutafuta vipuri. Walikuwa na mtoto mmoja, Marta, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Udongo mweupe ulipokaribia kwisha, Lusia alinifunga Marta mgongoni, akachukua beseni, akafuatana na wanawake wengine mtoni. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni.

Mlio wa kwanza nilidhani ni bati limeanguka. Wa pili nikajua si bati.

Mama aliweka kisu chini. Alinishika mkono, tukakimbilia shamba la mihogo.

Tulilala kifudifudi kati ya matuta. Marta nilimlalia nusu. Hakulia. Mpaka leo sijui kwa nini hakulia.

Moshi ukaanza.

Sauti za wanaume zilikuwa zinawaita wanawake watoke majumbani. Walisema lugha yetu. Hilo lilinitisha kuliko bunduki.

Kisha nikawaona wakipita njiani, karibu nasi kiasi cha kusikia mtu akikohoa. Wanawake walitangulizwa kwa mstari, kila mmoja na mzigo kichwani. Lusia alibeba gunia la mchele. Mikono yake ilikuwa bado myeupe.

Hakugeuka. Mama aliukandamiza uso wangu kwenye udongo, lakini yeye mwenyewe aliendelea kutazama mpaka wa mwisho alipopotea.

Tulipotoka pale, nyumba ya Terezia ilikuwa imesimama kuta tupu. Terezia tulimkuta nyuma yake. Tulimfunika kwa khanga, tukaondoka, kwa sababu hatukuwa na jembe wala muda.

Tulitembea tukiwa wengi, tukielekea bara. Watu waligawana maji. Tulifika kwenye kambi ya waliokimbia vijiji, nje ya mji mmoja wa wilaya, na huko Benedito akatukuta. Alimchukua Marta, akalia, akaniuliza mke wake alielekea upande gani. Miezi ilipita. Siku moja alikuja na mwanamke mwingine, akasema mtoto anahitaji mama. Sikumlaumu siku ile. Niliamini, kama yeye, kwamba Lusia amekufa.

Mama hakuamini. Alikufa kwa malaria kabla ya mvua kwisha, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa swali: "Hajarudi?"

Baada ya kumzika nilikuja Tanga. Babu yangu mmoja alikuja huku zamani kukata mkonge na hakurudi tena Msumbiji. Binti yake, Shangazi Rozalia, anaishi Chumbageni. Alinipokea mlangoni, akanitazama miguu, akaenda kuchemsha maji bila kuniuliza chochote. Kwa siku nyingi hakuniuliza. Alinipikia tu.

Kazi niliyoijua ilikuwa kuchora, kwa hiyo nilichora. Nilianza na saluni ya jirani, vichwa vya wanawake vyenye misuko. Nikachora bango la nyumba ya wageni Pangani, karibu na kivuko. Rangi nilikuwa nachukua kwa Bi Zarina, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi lililoanzishwa na babu wa mumewe aliyetoka Bara Hindi. Bi Zarina ni mtu wa maneno machache, mkali kwa vibarua wake, lakini alikuwa anaacha kazi kaunta ili atazame ninavyochanganya rangi.

Kisha simu ikaja. Ilikuwa mchana, nipo juu ya ngazi. Namba ya Msumbiji.

"Anjelina. Ni mimi."

Nilishuka ngazi.

Lusia alikuwa ametoroka msituni, mikononi mwa waliowateka, pamoja na wanawake wengine. Sikio moja lilikuwa halisikii tena. Bomu liliwahi kupasuka karibu yake. Alikuwa na mtoto mchanga, aliyempata huko. Kijijini kulikuwa kumetulia na watu walikuwa wanarudi, kwa hiyo naye alirudi. Benedito alimwambia ana mke. Marta alijificha nyuma ya sketi ya mwanamke yule. Na mashamba yalipogawanywa upya, wazee wa kikao waliwaambia Lusia na wenzake kwamba mke wa watu wa msituni hana shamba pale.

"Wanatuita hivyo," alisema. "Wake wa watu wa msituni. Kama tuliposwa."

Nilimwambia aje Tanga, chumba kipo, Shangazi yupo. Alikataa papo hapo.

"Nikiondoka watasema shamba halina mwenyewe. Mimi nabaki. Wewe unajua kuchora. Tuchore sisi."

"Niwachoreje?"

"Na nyuso zetu. Mimi nichore nimekaa. Nisiwe nalia."

Nilizungumza na kila mmoja wao kwa simu. Waliokataa kuchorwa sikuwachora. Waliokubali walinitumia picha, na mmoja asiyekuwa na simu ya picha alinieleza uso wake mwenyewe: pengo la mbele, kovu juu ya nyusi, chale za mashavuni. Nilimwomba Bi Zarina ukuta wa nje wa bohari lake, ule unaotazama barabara. Nilimweleza nitachora nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watu watakuja kunisema mimi, wajua?"

"Najua, Bi Zarina."

"Basi anzia juu, mwanangu. Chini maji ya mvua hurukia."

Nilichora wanawake wamekaa safu moja, ukubwa wa kumzidi mtu, wakimtazama mpita njia. Nyuma yao niliweka mashamba. Sikuweka bunduki wala mwanamume. Watu walisimama, wakauliza, nami nikawaambia ni kina nani na wanadai nini. Wanawake wengine walikaa nami mpaka jua linatua, wakaanza kusimulia ya kwao, ya hapahapa, ya ndugu wa marehemu mume na nyumba zilizofungwa kufuli.

Kabla sijamaliza akaja Mzee Simoni. Ndiye mkubwa wa watu wa kwetu hapa Tanga, mpwa wake babu yangu yule wa mkonge, na kanisani hukaa benchi la mbele. Niliweka brashi chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Zifute nyuso."

"Kwa nini, mjomba?"

"Unatuaibisha mbele za watu. Chora mtama, chora mama amebeba kuni. Mbona ya kuchora yako mengi? Haya ni ya kwetu, ya ndani."

"Wenyewe wameniomba. Na walipotekwa walikuwa na nyuso. Siwezi kuziondoa."

Alizitazama zile nyuso, moja moja. Nilidhani anatafuta ukali zaidi. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mjukuu wangu Vitoria alichukuliwa pia. Shangazi yako hajui. Hakuna ajuaye hapa. Hao wako wamerudi, Anjelina. Wangu hajarudi. Kila nikipita hapa nitamtafuta humo, na hayumo."

Nilisema nimesikia, nikampa pole, na nikamwambia sitazifuta. Alitikisa kichwa, akaondoka na fimbo yake. Nilikaa kwenye ndoo ya rangi nikalia. Halafu nikaamka, nikamalizia mikono ya Lusia, maana rangi niliyochanganya ingekauka.

Picha ya ukuta ilifika kijijini kwa simu za watu, baada ya siku chache tu. Kwenye kikao kilichofuata, mwenyekiti aliuliza kwa hasira nani aliyepeleka mambo ya kijiji Tanzania. Lusia alisimama, akasema ni yeye. Wenzake wote wakasimama. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatetemeka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Alisema kwamba shamba lile yeye ndiye aliyeling'oa visiki, na kila aliyekuwapo pale alimwona akiling'oa, aseme nani hakumwona.

Hakuna aliyesema.

Walimpa sehemu ya chini, karibu na mto. Ile yenye mikorosho ilibaki kwa Benedito. Baadhi ya wenzake walipata, wengine bado wanakwenda kwenye vikao, nami bado nachora. Sasa hivi nina ukuta mwingine, wa shule binafsi huku mjini, na wanawake wa humu wameniomba niwachore wao.

Nimejaribu kupima tulichopoteza na nimeona hakipimiki kwa tulichopata. Mama yuko kambini, ardhini, mbali na ndugu zake. Terezia hakuolewa. Marta sasa ni msichana mrefu. Humwamkia Lusia kwa adabu kama anavyomwamkia jirani, na kumwita mama bado hajamwita. Vitoria hajarudi. Mzee Simoni huenda kanisani kwa barabara ya nyuma, iliyo ndefu zaidi, na mimi nikimwona kwa mbali husimama mpaka apite.

Juzi Lusia alipiga simu akiwa shambani. Nilisikia jembe. Nilimwuliza kama atapumzika kidogo tuzungumze.

"Zungumza tu," alisema. "Nasikia kwa sikio la huku. Mstari huu nataka niumalize."