Ubao wa Maneno Nyuma ya Jiko la Timiro

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, katika mtaa wa Waberi mjini Garissa, Timiro Billow anamimina upawa wa unga uliochachuka katikati ya kikaango. Anauzungusha kwa kitako cha upawa, kutoka katikati kwenda nje, mpaka miduara inafika ukingoni. Anafunika. Kuanzia hapo ana dakika moja hivi kabla anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, haijaiva, na dakika hiyo si yake.

"Hii," anasema kijana mmoja aliyeegesha pikipiki yake karibu na foleni, akinyoosha kidole.

Kidole kimeelekea kwenye ubao ulioegemezwa ukutani nyuma ya jiko. Ni ubao wa duksi, yaani chuo cha Kurani, ule wa mbao wenye mpini ambao watoto wa hapa huandikiwa aya za Kurani. Huu umepasuka upande mmoja, na kilichoandikwa juu yake si Kurani. Ni maneno arobaini ya Kiingereza, kwa wino mweusi wa makaa.

Kijana huyo, Abdihafid, amechagua la thelathini na moja: 'scarce'.

"Kitu ya kupatikana kwa shida," Timiro anajibu bila kugeuka. Papo hapo anatunga sentensi ya Kiingereza kuhusu maziwa na mwezi wa tisa. Kisha anafunua, anaing'oa anjera ikiwa na vitundu vyake vyote, na kumkabidhi. Abdihafid anatoa shilingi kumi akiwa na uso wa mtu aliyeonewa.

Ana sababu. Kanuni ya jiko hili ni kwamba Timiro akishindwa na neno kabla anjera haijaiva, mteja anakula bure.

"Wiki ya kwanza nilikula tisa ya bure, wallahi," anasema Abdihafid. "Nilikuwa nimeacha kununua chakula cha asubuhi. Sasa huyu mama amekuwa mchoyo."

Kesho asubuhi Timiro, mwenye umri wa miaka 36 na mama wa watoto wanne, ataketi kufanya karatasi ya Kiingereza ya mtihani wa kidato cha nne. Ni mara yake ya pili. Yeye na mumewe, Bishar, ambaye hununua mbuzi Lafey na kuwauza Garissa, walikubaliana tangu mwanzo kwamba majaribio yatakuwa mawili. Binti yao mkubwa anaingia sekondari Januari, na nyumba haina nguvu ya kusomesha wawili.

Anachohitaji ni alama ya C katika Kiingereza. Mwaka jana alipata D. Masomo mengine yalimtosha, lakini chuo cha uuguzi alichokitembelea kilimwambia wazi kwamba bila hiyo C asijaze hata fomu.

Habari ya uuguzi ilianza mbali na jiko. Timiro alizaliwa Sangailu, akaolewa akiwa na miaka kumi na saba, akaletwa mjini. Wanawake wa kwao waliokuja Garissa kujifungua walimtafuta awasindikize, kwa kuwa wengi wao hawajui Kiswahili na wauguzi wengi waliotoka bara hawajui Kisomali. Alisimama kando ya kitanda, akapeleka maneno huku na kuyarudisha huku. Hakulipwa, wala hakuomba kulipwa.

Miaka sita iliyopita alimsindikiza msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa na uchungu tangu siku iliyotangulia. Wauguzi walikuwa wawili na akina mama wengi. Msichana alimshika mkono akamwambia kwa Kisomali, fanya wewe, abaayo, yaani dada, wewe uko hapa.

"Mimi niko hapo, lakini niko hapo kama redio," Timiro anasema. "Nasema ile watu wengine wamesema. Mkono yangu haina kazi. Yule msichana alizaa salama, Alhamdulillahi, na mtoto anatembea. Lakini mimi nilienda nyumbani nikalia, kwa sababu aliniomba na sikuwa na kitu."

Mwezi uliofuata alijiandikisha katika darasa la jioni la watu wazima. Alikuwa ameishia darasa la nane.

Hesabu aliiweza haraka, na Biolojia aliipenda. Kiingereza ndicho kilichomtoa jasho. Mwalimu wake, Saynab, aliwapa wanafunzi orodha za maneno ya kujifunza kila wiki, yale ambayo mtihani hauchoki kuyauliza. Timiro aliyaandika daftarini, akayasoma usiku mmoja, asubuhi yakawa yameondoka yote.

Ndipo alipokumbuka kwamba kuna kitu kimoja maishani mwake alichowahi kukihifadhi na hakijaondoka. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa amemaliza juzuu kumi na tano kwa Maalim Keinan, ambaye siku hizo alikuwa akifundisha Sangailu na baadaye akahamia Waberi. Hakuzihifadhi kwa daftari. Alizihifadhi kwa ubao.

Basi akaenda kwa maalim kuomba ubao. Mzee alikaa na ombi hilo siku mbili. Siku ya tatu alimpa ule wenye ufa, akamwambia ubao huo usirudi tena duksi, na kwamba maji yake ya kuoshea anaweza kuyamwaga popote, kwa sababu si maji ya Kurani.

Kazi ya ubao ni moja na haijabadilika. Unaandika, unasoma kwa sauti mpaka unaijua, unamsomea maalim bila kutazama. Akiridhika, anasema neno moja: osha. Hapo ndipo unapoosha wino na kuandika fungu jingine. Mwanafunzi haoshi ubao wake kwa kujiamulia, hata awe hodari namna gani.

Lakini kwa Kiingereza hapakuwa na maalim wa kumsikiliza. Timiro aliandika, akasoma, akajisikiliza mwenyewe, akaosha mwenyewe. Kufikia Oktoba mwaka jana alikuwa ameosha ubao mara kumi na moja. Aliweza kusoma maneno mia nne na arobaini mfululizo, na maana zake, akiwa anachota unga au anamwosha mtoto. Majirani walikuja kumsikiliza. Aliingia chumba cha mtihani akiwa na uhakika, na anakiri kwamba alikuwa na majivuno kidogo.

Katika karatasi ya pili aliulizwa maana ya neno 'reluctant' kama lilivyotumika katika habari aliyoisoma.

"Nilikuwa nalijua," anasema, na hapa anaacha upawa. "Ilikuwa ya ishirini na sita kwa ubao ya tatu. Lakini mdomo ilikataa kwenda pale moja kwa moja. Lazima ianze juu, ipite kwa ndugu zake wote ishirini na tano. Nikaanza juu. Nikafika. Nikaandika. Neno ya pili ilikuwa ya ubao ya saba. Nikaanza tena juu."

Msimamizi aliona midomo yake ikicheza akaja kusimama nyuma yake, akidhani anazungumza na jirani. Timiro akapoteza hesabu, akarudi mwanzo. Karatasi zilipokusanywa alikuwa hajagusa kurasa mbili za mwisho.

Matokeo yalipotoka alifunga jiko siku tatu. Wateja walidhani kuna msiba, na mmoja alileta sukari.

Alipofungua tena, aliyemzindua ni Mwalimu Saynab. Alikuja asubuhi moja kama mteja, akasubiri zamu yake, na Timiro alipofunika kikaango akamuuliza ghafla maana ya neno moja kutoka orodha za mwaka jana. Timiro aliangalia juu na kuanza kunong'ona. Alinong'ona mpaka moshi ukatokea chini ya kifuniko.

"Nilimwambia ukweli, kwa sababu ni mtu mzima," anasema Mwalimu Saynab. "Nilimwambia, Timiro, wewe hujui maneno. Unajua foleni. Na mtihani hauji na foleni."

Anasema wanafunzi wake wengi waliopita duksi wana kipaji hicho na tatizo hilo hilo. Kuhifadhi kwa mpangilio ndiyo heshima ya Kurani, kwa sababu huko hairuhusiwi hata neno moja kuhama mahali pake. Neno la Kiingereza linatakiwa lihame kila siku. Dawa aliyotoa ilikuwa rahisi: ubao uwekwe mahali ambapo watu wengi wanapita, na neno achague mtu mwingine, si Timiro.

Watu wengi wanapita jikoni. Timiro hupika anjera kama mia na ishirini kwa siku, na akiondoa unga, mafuta na makaa hubaki na shilingi mia tano hivi. Wiki ile ya Abdihafid hazikubaki hata mia mbili.

"Waliniona kama bufee," anasema akicheka. "Hata watu hawajui kusoma walikuwa wanakuja kuweka kidole tu. Mtu anagusa, nashindwa, anakula. Bishar akapiga simu kutoka Lafey, ananiuliza, biashara iko fizuri? Nikamwambia, watu wanakula sana."

Lakini mdomo ulianza kujifunza. Mwezi wa tatu alikuwa akigawa bure anjera saba kwa siku. Mwezi wa sita, tatu. Mwezi wote uliopita amegawa mbili, na moja kati ya hizo anadai mtoto alikuwa amemshika nguo. Kwa sababu lazima atunge na sentensi, maneno yameingia katika mambo anayoyajua. 'Reluctant' sasa ni ngamia aliyekunywa akashiba na bado hataki kuondoka kisimani.

Aliyeudhika ni Maalim Keinan. Habari kwamba vijana wa bodaboda wanagusa ubao wake ovyo ovyo zilimfikia duksi, akamwita Timiro.

"Neno ikitolewa kwa ndugu yake inabotea," alimwambia, kama Timiro anavyoisimulia. "Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Maalim, kwa mtihani haziji na ndugu zao," alimjibu.

Mzee aliwageukia watoto wa duksi akaendelea kuwasomesha, na Timiro anasema jambo hilo lilimuuma kuliko ile D. Tangu hapo maalim aliendelea kumtuma mjukuu kununua anjera zake sita, lakini yeye mwenyewe hakukanyaga jikoni.

Jambo jingine lilitokea kimya kimya. Maneno arobaini yaliyo ubaoni leo, magumu kuliko yote, yameandikwa tangu Agosti. Timiro ameyarudia kwa wino kila yalipofifia, lakini hajayaosha. Mwaka jana aliosha mara kumi na moja kwa kujiamini. Kwa haya ya mwisho anasema hakuona ni nani amwambie yametosha.

Kukaribia saa moja, foleni ikiwa ya watu watano, Maalim Keinan mwenyewe anatokea mwisho wa njia, na fimbo yake, na kanzu iliyopigwa pasi. Watu wanampisha. Hakubali, anasimama nyuma ya wengine mpaka zamu yake. Timiro anamimina unga, na miduara haiko sawa.

Mzee hajui Kiingereza. Anautazama ubao kwa muda, kisha ananyoosha fimbo mpaka chini kabisa, kwenye neno la mwisho.

"Hii."

"Kuahirisha," Timiro anasema. "'Postpone'. Usiahirishe safari kwa sababu ya mvua ndogo." Sentensi anaitoa kwa Kiingereza, kisha anamtafsiria kwa Kisomali.

Fimbo inaruka juu, neno la nne. Anajibu. Inashuka katikati. Anajibu. Inakwenda upande wa ufa, inarudi chini, inapanda. Maneno saba, hakuna lililokuwa karibu na ndugu yake, na Timiro anafunua kikaango kwa wakati. Anjera ni nyeupe juu, ya dhahabu chini.

Maalim anamgeukia Abdihafid, ambaye bado yuko pembeni na pikipiki yake. "Yeye anasema kweli?"

"Maalim, mimi mwenyewe mengine sijui," anajibu kijana. "Lakini miezi hii nimejaribu kula tena ya bure, na nimeshindwa. Huyo anajua."

Mzee anahesabu sarafu zake, anazipanga ukingoni mwa meza, anachukua anjera sita. Anapiga hatua mbili za kuondoka, kisha anasimama.

"Haye, Timiro," anasema bila kugeuka. "Osha."

Timiro anaweka upawa chini. Anajifuta uso kwa ncha ya mtandio, na wateja wanaangalia pembeni kwa adabu. Anahudumia wanne waliokuja nyuma ya mzee. Ndipo anapochukua ubao, anaulaza kwenye beseni na kuusugua kwa kiganja mpaka maji yanakuwa meusi. Alishaambiwa ayamwage popote, lakini anakwenda kuyamwaga kando ya ukuta, mahali pasipokanyagwa.

Abdihafid anaangalia ubao mtupu uliowekwa juani ukauke. "Sasa kesho tutagusa nini?"

"Kesho hakuna jiko, mtakula mkate," Timiro anamwambia, akikusanya vyombo. "Utakuja na pikipiki saa moja kamili unipeleke, na njiani usiniulize neno hata moja."

"Na baada ya kesho?"

"Baada ya kesho nitapika mpaka chuo kifunguliwe. Halafu, inshallah, tafuteni mama mwingine. Mimi nina watu wananingoja Sangailu."