Lenzi Niliyomwekea Shemeji Masanja

Jambo hili sikusimuliwa na mtu, wala sikuliota. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua linawaka, nimekaa kwenye kigoda changu cha kazi, na pombe sijawahi kuonja maishani. Naanza na hayo kwa sababu najua utakachouliza. Kila niliyemweleza aliniuliza kwanza kama nilikuwa nimelewa, kisha kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa na msiba.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi tochi pale machimboni Mwakitolyo. Unacheka? Cheka tu. Kule chini ya duara, maana ndivyo tulivyoyaita mashimo yale, mchana na usiku ni kitu kimoja, na tochi ikimzimikia mtu huko ndipo anapomkumbuka fundi. Nilikuwa na kibanda cha turubai, koleo, kisu, nyaya na majivuno mengi. Tochi zenyewe zilikuwa zile za bati, za bei ya chini, za betri mbili. Mwanga wake unamwagika ovyo kama uji uliozidi maji. Vya karibu unaviona vyote, cha mbali hukioni.

Hilo ndilo lililomkera Masanja. Alikuwa mchimbaji, mume wa mdogo wangu wa kike, Mama Nkwimba. Kila akitoka duarani alikuja kukaa kwenye benchi la wateja wangu na kulalamika kwamba anatambaa hadi mwisho wa shimo ndipo ajue kama mwamba una kitu. Alitaka tochi inayoona mbali. Nilimpenda sana yule bwana, na nilipenda zaidi kusifiwa naye. Nisikufiche hilo.

Siku moja nilikwenda Shinyanga mjini kununua balbu. Mzee mmoja wa Kihindi niliyekuwa nikinunua dukani kwake akanipa kioo cha kukuzia, kile ambacho wanunuzi wa dhahabu hutazamia punje. Mpini ulikuwa umevunjika na hakuna aliyekitaka. Nilirudi nacho Mwakitolyo, nikakisugua ukingo kwenye jiwe lenye maji siku mbili nzima, mpaka kikaingia kwenye kichwa cha tochi ya Masanja mahali pa kile kioo chake bapa. Nikang'oa kile kibati kinachong'aa nyuma ya balbu, nikaisogeza balbu kwa karatasi niliyoikunja, nikakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tulipoiwasha, mwanga ulikwenda mbali kama umetumwa. Kiduara kidogo cheupe, na katikati yake unaona hata uzi wa balbu.

Masanja aliifunga kichwani, akashuka nayo. Baada ya wiki moja akaniambia huku akicheka kwamba mbele anaona vizuri mno, ila pembeni ni giza tupu. Nilimjibu nini? Nilimwambia ageuze kichwa, shingo si anayo? Tukacheka wote wawili.

Siku nne baadaye duara lilimwangukia. Mwenzake aliyekuwa akitambaa nyuma yake, mwenye tochi ya kawaida, alitoka salama na kueleza kila kitu. Timba moja, yale magogo yanayozuia ukuta usianguke, lilikuwa limepasuka ubavuni. Yeye aliliona, akapiga kelele. Lakini Masanja alikuwa amekwisha kulipita bega kwa bega bila kuliona, na bega lake likaligusa. Mwili tuliutoa. Tochi ilibaki chini ya kifusi.

Nilielewa papo hapo. Hakuna aliyenishutumu, hakuna hata aliyeitaja tochi. Lakini mimi ndiye niliyeutengeneza mwanga ule, nilijua unafika wapi na haufiki wapi.

Tulimzika kijijini kwetu, upande wa Kolandoto. Sasa, wewe kama ni mtu wa kwetu unajua msiba wa kijana unavyokuwa. Kwamba timba lilipasuka, hilo watu walilikubali. Swali lilikuwa nani alilipasua. Wazee watatu walikwenda kwa mganga, wakarudi jioni na jina la Bibi Kabula. Alikuwa shangazi yake Masanja, mjane, ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya kupikia mavi ya ng'ombe makavu miaka yote katika kijumba kisicho na dirisha. Kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee yalitosha kuwa ushahidi wa uchawi.

Nilikuwepo jina lile lilipotajwa. Bibi Kabula naye alikuwepo, amekaa na wanawake, bado ana majivu ya kilio kichwani. Hakujitetea. Alisema tu kwamba Masanja alikuwa mwanawe. Nilifungua mdomo, halafu nikamtazama mdogo wangu, nikaona jinsi atakavyonitazama nikisema. Nikafunga mdomo.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilirudi Mwakitolyo kuchukua vitu vya marehemu na vyombo vyangu. Nilikaa kibandani, nimeinamia sanduku la balbu, nikasikia mtu anakaa kwenye benchi.

"Mwadila, shemeji."

Niliitikia salamu hiyo ya Kisukuma kabla ya kuinua kichwa. Sauti niliizoea, na mdomo ulitangulia akili. Nilipotazama, alikuwa Masanja. Niamini nikikuambia hakuwa kivuli wala moshi. Alikuwa amepakaa udongo wa kijivu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, umelowa, na matone yake yanadondoka kwenye vumbi. Tochi ilikuwa kichwani pake, imefungwa kwa ule mpira wangu. Aliivua, akaninyooshea.

"Nirudishie kioo cha zamani," akasema. "Hiki kinaonyesha mbele tu."

Kwa nini sikukimbia? Hata leo sijui. Mikono yangu iliipokea tochi kama inavyopokea ya mteja yeyote. Niliikuta baridi, baridi ya maji ya kisimani. Nikafungua mpira, nikatoa lenzi, nikarudisha kibati na kioo bapa nilivyokuwa nimevihifadhi, huku machozi yananitoka na kuanguka juu ya kazi. Yeye alisubiri kama alivyokuwa akisubiri siku zote, viwiko juu ya magoti. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepumua kidogo.

"Shemeji, kwa nini wanamsema shangazi?" akaniuliza. "Waambie lilikuwa ubavuni kwangu na sikuliona. Wewe unajua."

Nilimpa tochi. Akaiwasha kuelekea chini, mwanga ukamwagika miguuni pake na kila upande. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akainuka, akaenda zake kuelekea kwenye maduara. Alipita katikati ya watu waliokuwa wakitwanga mawe, na hakuna aliyegeuka. Nilipotazama kiganja changu, lenzi ilikuwemo, na alama za jiwe langu ukingoni. Benchi lilikuwa limelowa udongo. Niliulizwa na jirani yangu nani aliyelichafua, basi ujue si macho yangu peke yangu.

Mtu mwenye akili angepanda baiskeli saa ile ile. Mimi nilijiambia nitaondoka kesho. Kesho yake nikajiambia baiskeli ina pancha. Ilikuwa na pancha kweli, lakini pancha ni kazi ya nusu saa, na mimi nilikuwa fundi. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mdogo wangu kuliko nilivyomwogopa maiti.

Nilifika kijijini siku ya tatu tangu anijie. Nilikuta watu wamejaa tena, nikadhani msiba bado unaendelea. Ulikuwa msiba mwingine. Waliomwendea Bibi Kabula usiku hawakujulikana, kama ilivyo kawaida, na mapanga yao hayakujulikana. Sitaeleza zaidi ya hapo. Tulimzika karibu na Masanja.

Jioni nilimkuta mdogo wangu anachagua maharage, nikamweleza yote. Lenzi, kicheko chetu, timba, benchi lililolowa. Sikuacha kitu. Alisikiliza bila kusimamisha mikono, kisha akaniuliza niliyajua hayo lini.

"Tangu kabla ya mazishi," nikamjibu.

"Shangazi alikuwa hai siku ya mazishi, kaka."

Hakusema jingine, na hajalisema hadi leo. Nikienda kwake ananiamkia shikamoo, ananipikia, ananipa maji ya kunawa. Lakini hakai nami. Ananiandalia chakula, kisha anakwenda kukaa nje mpaka nimalize, na mimi nakula peke yangu ndani, miaka yote hii. Ufundi niliuacha mwezi ule ule. Lenzi nimeizika, na mahali sikuambii.

Basi wewe unayenisikiliza, siku moja utakaa msibani na watu watakuwa wanatafuta jina la kubebesha kifo. Kama unajua kilichomuua, sema hapo hapo, hata kama jina lenyewe ni lako. Usingoje marehemu aje kukuomba. Mimi alikuja kuniomba, mchana kweupe, kwa upole, na bado nilichelewa.