Kuku wa Mkwe juu ya Kamyo ya Kukodi

Nilikuwa na duka Kasongo, katika mtaa wa Waislamu, na maisha yangu yote sikuwahi kuwa na gari, sembuse lori. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo watu huniambia, "Wewe uliyekuwa na kamyo." Sikuwa na kamyo. Nilikuwa na mizani, rafu ya chumvi, vitenge vichache, na kila msimu wa mpunga nilikodi kamyo ya Mreno mmoja mwenye duka kubwa kuliko langu. Kamyo yake, shofere wangu wa kuiendesha, mpunga wa watu wa Wamaza, barabara ya Wabelgiji. Kilichokuwa changu hasa ni kuumwa kichwa.

Mreno hakuwa mjinga. Kabla ya kunikabidhi ufunguo alitaka rehani, na rehani aliyoitaka ni nyumba yangu, ile niliyoachiwa na baba, duka mbele na vyumba nyuma. Kamyo ikirudi nzima, nyumba ni yangu. Kamyo ikifa, nyumba ni yake. Nilikubali, maana mpunga haujibebi kutoka Wamaza, na wazee wetu walioubeba kichwani hawakuniachia shingo zao.

Basi alipokuja Mzungu wa asiransi kutoka Kindu, yule wa kuuza bima, nilimkaribisha kuliko nilivyowahi kumkaribisha mteja. Wenzangu wa sokoni walinicheka. Walisema kulipia ajali ambayo haijatokea ni kuiita kwa jina. Mzungu alinieleza kwa kinywa cha karani wake: kamyo si yako, sawa, lakini ikivunjika ikiwa katika kazi yako, sisi tutamlipa mwenyewe, na nyumba yako haiguswi. Sharti lilikuwa moja. Kamyo ni ya mizigo. Ukimsaidia ndugu njiani, hakuna neno. Ukipakia watu wa kulipa nauli, hiyo ni kazi nyingine na bima nyingine, na sisi hatumo. Nilielewa. Nilimweleza shofere naye akaelewa, na kwa haki ya Mungu hakumtoza mtu hata ndizi moja.

Mwaka ule mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza. Mama yake mke wangu alikuwa Mbangubangu wa kijiji kimoja karibu na Wamaza, akafunga safari kuja kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi. Alikaa kando ya njia hadi kamyo yetu ikatokea na mpunga wake. Shofere alimjua, akasimama. Pamoja naye walipanda mtu mmoja wa kuuza samaki wakavu na mwalimu mmoja wa misheni na baiskeli yake.

Sasa, kwao mke wangu, mama aliyekwisha kupokea mahari ya binti yake hagusi kitu cha mkwewe mikono mitupu. Akifanya hivyo ni kama amerudi kudai mahari ya pili, na watu watamsema hadi kaburini. Kwa hiyo kabla ya kuweka mguu kwenye gurudumu, mama mkwe alimpa shofere kuku jike, miguu imefungwa. "Hii ya mwenye kamyo," alisema. Shofere alimpokea kwa mikono miwili, kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa angefanya.

Kabla ya kufika Kasongo, daraja la magogo lilikatika na kamyo ikalala ubavu mtoni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Mwalimu alichubuka, samaki walirudi majini walikotoka, na mama mkwe akavunjika mkono. Kuku alitoka mzima, tukampikia mzazi mchuzi. Kamyo yenyewe ilipasuka chini kabisa, kwenye vyuma vinavyobeba kila kitu, wala fundi hakujisumbua kufungua boksi lake la spana. Mreno alikuja, akaitazama, hakufoka. Aliniuliza tu kama mabati ya nyumba yangu yana kutu.

Siku zilizofuata nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauitibu. Mama mkwe alikuwa amelazwa chumbani kwa mke wangu, mkono umefungwa kwa vijiti, na mimi kwa adabu sikuweza kumtazama usoni wala kusema naye neno. Nilikohoa kabla ya kuingia uani, nikakohoa kabla ya kwenda kuoga, nikakohoa kabla ya kuchukua maji ya kunywa. Majirani walidhani nina kifua kikuu. Salamu zangu kwake zilipitia kwa mke wangu, na zake zilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Ikaja habari kwamba Mzungu wa asiransi yuko njiani, anataka kuwasikia wote waliokuwa juu ya kamyo. Hapo nikamkumbuka yule kuku. Nilimwita mke wangu kando.

"Mama mutoto, umwambie mama asitaje kuku."

"Kwa nini asitaje? Alitoa kwa heshima."

"Najua. Lakini Muzungu atasema ni nauli."

Alimbadilisha mtoto bega. "Nitamwambiaje mama yangu kwamba kuku yake ni ya kuficha? Atasema ilikuleteya haya."

Nilimwomba ajaribu, na alijaribu, maskini. Lakini hakuweza kulisema neno likiwa wazi, akalifunika kwa adabu. Alimwambia: mkwe wako anasema usijisumbue na habari ya kuku, si kitu. Mama mkwe alifurahi sana. Aliona jinsi alivyopata mkwe mpole, asiyependa kutangaza anachopewa, na hapo hapo akaamua kwamba jambo hilo atalisema mbele ya watu. Mke wangu aliponirudishia jibu hilo, nilikaa juu ya gunia nikacheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

Mzungu alifika, akawekewa kiti barazani, karani akasimama pembeni yake. Mama mkwe alitolewa nje na kuketishwa kwenye mkeka. Kwa hiyo mimi, mwenye duka, mwenye kesi, mwenye nyumba, nilibaki ndani nyuma ya pazia. Watu huniuliza kwa nini sikutoka nikasema. Hao hawajawahi kuwa na mama mkwe.

Karani aliuliza kwa upole tu. "Mama, ulipanda bure?"

"Bure?" Nilisikia mkeka ukilia alivyogeuka. "Miye nipande bure? Mu kamyo ya mukwe wangu? Miye siko mutu wa kuombaomba. Nilitoa kuku. Kuku kubwa, ya mayai. Shofere iko pale, mumuulize!"

Shofere akasema ni kweli. Angesema nini?

Na alipokwisha kusema yeye, nani tena angekubali kuonekana ndiye aliyepanda kwa kudoea? Muuza samaki, ambaye hakutoa hata gamba, alisema kwa sauti kubwa, "Na miye nilitoa. Samaki tatu." Mwalimu wa misheni, aliyekuwa akiwafundisha watoto wetu kutosema uongo, aliitazama baiskeli yake, kisha akasema naye alitoa kidogo. Nilikuwa nimelishika lile pazia kwa mkono. Nilitaka kulichana. Nilimkasirikia mama mkwe, nikamkasirikia karani na neno lake la bure, nikamkasirikia yule kuku aliyekwisha kuliwa.

Mama mkwe aliporudishwa ndani, nilitoka. Nilimweleza Mzungu kwamba kuku ni heshima, kwamba asingetoa angepanda vilevile, kwamba huyu ni mama wa mke wangu. Alinisikiliza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kama mimi, shati limelowa mgongoni. Alimwambia karani jambo, na karani akanigeukia.

"Anasema, watu wote watatu wamesema walitoa kitu. Kama haikuwa nauli, basi wamesema uongo. Anauliza, mama huyu amesema uongo?"

Barazani palikuwa na watu. Muuza samaki alikuwa akijikuna mguu. Nyuma yangu, chumbani, palikuwa kimya, nami nilijua palikuwa kimya kwa sababu wanasikiliza. Nilichotakiwa kusema ni neno moja dogo, na nyumba ya baba ingebaki na mimi. Nililitafuta neno hilo, na hata sasa nikiwa peke yangu huwa nalitafuta.

"Hapana," nikasema. "Hakusema uongo. Alitoa."

Mzungu alifunga mkoba wake. Alinipa mkono kabla ya kuondoka, jambo ambalo Wazungu wa siku zile hawakulifanya sana.

Niliingia dukani, nikasimama katikati ya magunia ya mpunga uliolowa, yakinuka. Mke wangu alikuja mlangoni, mtoto kifuani. Alikuwa amesikia yote na amejua yote, niliona machoni mwake. Lakini alikuwa ametumwa, ikambidi aufikishe ujumbe.

"Mama anasema, Muzungu alitaka kukupatisha haya mbele ya watu, kwamba unabebaka mama mukwe bure kama mukimbizi. Anasema amekufunika nguo. Anauliza kama umefurahi."

Nilipenda kumjibu kwa hasira. Sikuwa na nguvu hiyo. Isitoshe, yule mama alikuwa amenipenda kwa njia aliyoijua, na mkono wake bado ulikuwa kwenye vijiti kwa ajili ya mtoto wangu.

"Mwambie nimefurahi," nikasema. "Mwambie asante sana. Amenifunika kweli."

Akaenda kumwambia. Nikamsikia mama mkwe akicheka kwa raha, mara ya kwanza tangu avunjike mkono, mle ndani ya chumba ambamo baadaye, mvua zilipoanza, Mreno alimlaza karani wake wa duka.