Kanuni Inahesabu Miaka ya Marehemu Mdogo Wangu

Ubaguzi wa umri, kwa maana nitakayoishikilia hapa, ni kumnyima mtu huduma wanayopewa wenzake kwa sababu ya miaka yake tu, pasipo sababu nyingine ambayo kanuni yenyewe inaweza kuitetea. Naanza na maana kwa kuwa nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na sijui kulalamikia kitu nisichokiwekea mipaka. Naomba ukurasa huu wa ushauri ufiche jina langu. Mimi ni mwanamume wa Rumonge, nina wajukuu, naishi na mama yangu mzazi. Nina miaka sitini na minane. Karatasi zangu zinasema sitini na minne.

Kuna mpango wa serikali wa kuwatibu macho, bila malipo, wazee waliotimiza miaka sitini na mitano. Nina presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kufa. La kulia, daktari aliniambia bila kuzunguka, halitamaliza mwaka huu lisipopasuliwa, na kinachopotea hakirudi. Kulipa mwenyewe siwezi. Basi nikapanga mstari.

Binti wa dirishani aliitazama karangamuntu yangu, yaani kitambulisho, akaitazama ordinateri yake, ile kompyuta ya ofisi. "Muzee, hapa uko na sitini na mine. Urudi mwaka ujao."

Nyuma yangu alikuwa jirani yangu, mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye tayari alikuwa ameandikwa. Akapaza sauti: "Wee binti! Mimi na huyu tulianza Kurani siku moja, tukachapwa fimbo moja. Kama yeye angali kijana, basi na mimi nitafutie bwana!"

Mstari mzima ulicheka. Binti naye akacheka. "Mama, mimi nakuamini. Ordinateri ndiyo haikuamini." Kisha akanisukumia karatasi ya malalamiko, kwa sauti ya upole: "Iko fomu ya reklamasyo, Muzee. Mutu akiona wamemubagua juu ya miaka, anaandika. Lakini kwanza tribinali isahihishe mwaka wako wa kuzaliwa."

"Murakoze," nikamshukuru, nikaondoka.

Sasa niwaeleze kwa nini fomu hiyo bado ni tupu.

Mwaka wa Uhuru, 1962, mama alizaa mtoto wa kiume, na baba, aliyekuwa fundi cherehani, akaenda mwenyewe komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, kumwandikisha. Mtoto huyo alikufa kwa surua kabla hajatembea. Katika mtaa wetu wakati ule, kifo cha mtoto mchanga kiliishia msikitini na makaburini: sanda, sala, udongo. Hakuna aliyefunga safari kwenda kumwambia karani. Kwa hiyo kwetu alikufa, lakini komini aliendelea kukua.

Mwaka 1972, mwaka wa mauaji, nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeanza sekondari. Wanafunzi wakubwa walipoanza kuchukuliwa na askari na kutorudi, baba aliichoma karatasi yangu ndani ya pasi yake ya makaa, akanikabidhi ya marehemu. "Kuanzia leo uko na miaka kumi," alisema. "Uko darasa la tatu. Jina lako ni lake. Rudia." Nikarudia mpaka akaridhika. Nilikuwa na mwili mdogo, na mama alininyoa kichwa. Siku chache baadaye, kwenye kizuizi cha askari barabara ya kuelekea Gitaza, askari aliisoma ile karatasi, akanitazama, akamwambia baba: "Peleka mutoto nyumbani." Mwenzangu wa darasa aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na karatasi yake ya kweli. Yeye alibaki pale. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Tangu hapo nimesoma, nimeajiriwa, nimeoa na kustaafu kwa miaka ya mtu mwingine. Je, nimebaguliwa? Binti aliitumia kanuni sawasawa. Kanuni yenyewe naweza kuitetea, maana mpaka lazima upigwe mahali fulani. Lakini maana niliyoitoa mwanzo inasema "miaka yake", na iliyonizuia si yangu. Nimeligeuza swali hili kila upande na sijalipatia jibu. Hata hivyo kamati inayosoma fomu zile haitaniuliza hilo. Itataka hukumu ya tribinali, na tribinali itataka kifo cha mdogo wangu kiandikwe, kwa ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Baba amekwisha fariki. Amebaki mama.

Nilimweleza baada ya sala ya alasiri, akiwa anachambua mchele. Ni lazima mjue kwamba mama ameniita kwa jina la marehemu tangu ile siku ya pasi. Mwanzoni alikuwa akijikwaa. Baadaye likamkaa mdomoni.

"Unataka niseme mbele ya jaji kama amekufa?"

"Alikufa, Mama."

"Kwako. Mimi namwita kila siku na anaitika." Aliendelea kuchambua. "Wewe ulikuwa mukubwa, ulikuwa na miguu yako. Yeye alikuwa hajasimama hata siku moja. Nimemuona anatembea mu mwili wako, nimemuona anaoa. Mama gani mwingine amepewa hivyo?"

Nilimweleza habari ya jicho mara ya pili, taratibu, kama ninavyomweleza mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Ukiniambia twende, nitaenda. Lakini usiniambie leo."

Ni wiki ya tano sasa. Hajaniuliza, nami sijamwambia. Asubuhi hii nilimwona amevaa kanga ya kutokea, ameketi karibu na mlango. Nikapita kama sikumwona.

Simlaumu baba, uongo wake ndio ulionifikisha hapa nikiwa hai. Simlaumu yule binti. Nimechoka tu, na kila siku ninayosita inalipwa na jicho. Ninyi mnaonisoma mna wazazi, na wengine mna makaburi ambayo komini haiyajui. Nipeni shauri lenu, hata likiwa kali: je, nina haki ya kumsimamisha mama yangu mbele ya hakimu, katika uzee wake huu, amzike mwanawe mara ya pili ili mimi niendelee kuona?