Ribbon nyekundu za Krismasi zilivyofanya mama mkwe anililie nikiwa hai

Wakuu, habari za huko mliko. Na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kucomment pia nawasalimia, najua mko wengi.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Imenipata mimi mwenyewe, mtu mzima na akili zangu. Baba Chebet, mume wangu, yuko hapa kando ananiangalia nikiandika, na ameapa nikitia chumvi atafungua account yake anisahihishe mbele yenu. Kwa hivyo someni mkijua ni ukweli mtupu.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini.

Mimi ni mtu wa Gilgil, nimeolewa Rongai. Ile Rongai yetu ya Nakuru, si ile ya Nairobi. Tunaishi Lanet, kwa nyumba tuliyojenga polepole mpaka majirani wakadhani tunauza mchanga.

Tangu tuhamie hapo, mama mkwe alikuwa hajawahi kula kwangu.

Si eti hakuwa anakuja. Anakuja. Anakaa kwa kiti, mkoba juu ya magoti, anakunywa chai ya flask aliyoibeba mwenyewe kutoka kwake. Nikileta chakula anasema ameshiba. Wakuu, mtu ametoka Rongai asubuhi na mapema, amefika Lanet saa sita, na ameshiba!

Akitaka kwenda, namfungia chapati. Hizo anapokea, lakini anasema ni za kumpelekea mchungaji.

Na jina langu hakuwahi kulitaja. Akiwa na watu wake mimi ni "yule wa Gilgil". Nilikuwa nacheka nikisimulia, lakini niseme tu ukweli, iliniuma sana. Kuna siku nilikuwa naosha sahani ambayo hakuigusa huku machozi yakinitoka.

Basi mwaka huo Baba Chebet akambembeleza mpaka akakubali kuja Krismasi kwetu, na kulala. Mimi nikasema hapa ndipo. Nataka mama huyu akae mezani kwangu ale. Mengine yote sikuyajali.

Nikaanza na nyumba.

Kuna video nilikuwa nimeona kwa simu, dada mmoja amepamba nyumba yote kwa ribbon, bila pesa nyingi, na imetulia kabisa. Nikaenda town. Gold zilikuwa zimeisha, green zimeisha. Mama wa duka akanivutia roll za satin nyekundu, zile pana.

"Mathe, chukua hii red. Krismasi bila red ni nini sasa?"

Nikachukua roll zote zilizobaki.

Maua yangu ya kwanza yalitoka kama kabichi zilizokanyagwa na ng'ombe. Lakini mkono ulizoea. Nikafunga gate. Nikafunga nguzo za veranda, pazia, viti, mkono wa fridge, na ule mti wetu, ambao ni tawi la cypress ndani ya ndoo ya mchanga. Nikafunga hata bomba la tangi la maji.

Baba Chebet akapita akasema, "Mimi acha nitembee tu. Nikisimama hapa kidogo nitafungwa."

Ribbon iliyobaki nikapeleka kwa gari. Tuna station wagon yetu ya zamani, na ndiyo ilikuwa inaenda kumchukua mama siku moja kabla ya Krismasi. Nikaweka ua kubwa kwa bonnet, na kila side mirror nikafunga kipande kirefu chekundu. Kisha nikazungushia zile kamba za kumetameta na nyota ya karatasi. Gari likatoka hapo Lanet likiwa Krismasi yenyewe.

Mtoto wetu Chebet tulimwacha na dada yangu, wachunge nyama jikoni.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Mimi na mume wangu tulikuwa na homa, ile ya makamasi na macho mekundu. Mimi nilikuwa nimemeza dawa, ile ya kulalisha. Tukalaza viti vya nyuma, nikajinyoosha huko, nikajifunika shuka ya Kimaasai kutoka miguu mpaka kichwa kwa sababu ya baridi. Mbele, kwa kiti changu, kulikuwa na keki yenye icing, ya kuachia majirani wa mama. Huwezi kumtoa mtu kwake Krismasi halafu majirani zake uwaachie mikono mitupu.

Kwa ajili ya keki na kwa ajili yangu, Baba Chebet akaendesha polepole.

Tulipopita Ngata mvua ikashuka. Mimi nimelala fofofo, haya ninayowaambia ni ya Baba Chebet. Akawasha taa. Upepo ukabeba ua la bonnet. Nyota ikaenda. Kamba za kumetameta zikaenda. Kikabaki kitu kimoja tu, vile vipande vyekundu kwa side mirror, vimelowa, vinapepea.

Wakuu, nyinyi mnajua kwetu huku gari likiwa na kitambaa chekundu kwa side mirror, taa zimewashwa mchana, na linaenda polepole, hilo gari linaenda wapi.

Linaenda matanga.

Baba Chebet hakufikiria hayo hata kidogo. Alikuwa anafikiria keki. Yeye aliona tu kwamba siku hiyo barabara ina heshima. Malori yanampisha. Hakuna anayempigia honi. Magari ya nyuma yamewasha taa kwa ajili ya mvua na yanamfuata taratibu. Kwa roadblock, askari mmoja akavua kofia, akampungia apite. Eti akajiambia, Krismasi ya mwaka huu watu wameokoka.

Tukaingia barabara ya matope ya kwenda kwa mama. Pick-up moja ikashindwa kutupita, ikakaa nyuma. Bodaboda zikakaa nyuma ya pick-up. Msafara ukakamilika. Kina mama waliokuwa wanatoka sokoni wakasimama kando, wakajishika mdomo, kisha wakaanza kutufuata kwa miguu.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwa gate yake, kitambaa cha kanisa kichwani, bag tayari, kuku wawili kwa kikapu.

Akaona gari. Akaona wekundu. Akaona mwanawe peke yake mbele, macho mekundu, anajifuta pua na hanky.

"Mama Chebet ako wapi?"

Baba Chebet hakutaka niamshwe. Akaonyesha nyuma kwa kidole.

Mama akaenda akafungua mlango wa nyuma. Mimi hapo, nimenyooka, nimefunikwa mpaka kichwa.

Nilichosikia mimi ni nduru. Nduru ya kutoa mtu kwa usingizi wa dawa yoyote. Nikajiuliza, yawa, nani amekufa? Nilikuwa karibu kuinuka nimpe pole.

Ndipo nikasikia, "Wanjiru! Wanjiru wangu!"

Wakuu, Wanjiru ni mimi.

Alianza kwa Kikalenjin, kisha akahamia Kiswahili ili majirani wote waelewe.

"Uuui! Mtoto wangu wa Gilgil! Msichana mchapakazi! Ni nani sasa atanifungia chapati?"

Nikaona niendelee kulala kidogo.

"Nilikuwa nasema ni za mchungaji! Mchungaji hakuwahi kula hata moja! Nilikuwa nazimaliza nikiwa njiani!"

Nje nikasikia mtu mzima akikohoa. Baadaye niliambiwa mchungaji alikuwa amefika.

"Na mimi nikakataa meza yake! Niliogopa! Nilisema nikikula kwake hata siku moja, basi Krismasi imetoka hapa kwangu imeenda Lanet, na mimi nitabaki hapa na kuku! Wanjiru, nisamehe!"

Hapo, wakuu, sikuwa nacheka tena. Nililia chini ya ile shuka. Miaka hiyo yote nilidhani ananidharau, kumbe mama wa watu alikuwa anaogopa kuachwa.

Najua mtaniuliza, Baba Chebet alikuwa wapi? Alikuwa hapo hapo. Wanaume walikuwa wamemzunguka, wamemshika mabega, na kila akifungua mdomo wanamwambia, "Usiongee boss, lia tu." Mchungaji alimkumbatia mpaka akakosa pumzi. Na jirani mmoja, mwalimu aliyestaafu, alikuwa ashaanza kuuliza nani atakuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akisema yeye hana shida watu wakimchagua.

Ningelala hapo mpaka nisifiwe yote. Lakini homa haina adabu.

Nikapiga chafya.

Sijawahi kuona watu wazima wakipotea hivyo. Wa bodaboda waliacha pikipiki na funguo juu. Mwalimu alipita katikati ya ua wa miiba na koti likabaki huko. Kamati ikavunjika kabla ya kuchaguliwa.

Mama mkwe hakukimbia.

Alitoa shuka usoni mwangu, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Halafu akanifinya. Vizuri.

"Uko hai?"

"Niko hai, Mum."

"Na umenisikia?"

"Kidogo tu, Mum."

"Kidogo kuanzia wapi?"

"Kuanzia kwa chapati."

Akaniachilia. Akaangalia watu waliokuwa wanarudi mmoja mmoja, wengine wameshaanza kucheka. Akamwona mchungaji. Akageuka, akaingia kwa nyumba, akafunga mlango kwa ndani.

Wakuu, roho yangu ilizama. Nilikuwa nimepata maneno ambayo nimeyangoja tangu niolewe, na papo hapo nimempoteza mwenyewe aliyeyasema. Baba Chebet akagonga mlango, kimya. Mchungaji akagonga, akasema chapati si dhambi. Kimya zaidi.

Nikaenda mimi. Sikugonga, niliweka tu kichwa kwa mlango.

"Mum, Krismasi ni yako. Mwaka ujao tutakuja hapa wote, na sufuria zetu. Hakuna mtu anakuhamishia Krismasi yako. Lakini hii moja tu, kuja ukule kwangu. Nimekungoja sana."



Baadaye kidogo mlango ukafunguka. Mama ametoka na bag yake, na kisu cha jikoni. Watu wakarudi nyuma tena. Akapita katikati yao bila kuangalia mtu, akaenda kwa side mirror, akakata ule wekundu, upande huu na upande ule.

"Mimi siwezi panda gari ya matanga," akasema. "Twende."

Keki waliila waliokuja kunizika. Nasikia ilikuwa tamu.

Tulipofika Lanet ndipo nikakumbuka gate. Nyekundu tupu, kutoka nguzo mpaka nguzo. Mama akakataa kushuka.

"Na hapa ni nani tena?"

Ikabidi tufungue yote, gate, veranda, viti, pazia, mpaka bomba la tangi. Kazi yangu yote ya ribbon ikaisha hivyo. Yeye alisimama hapo akielekeza kwa kidole, "Na hiyo. Na hiyo." Satin yangu akaikunja vizuri, na kipande kimoja akafungia miguu wale kuku wawili aliokuja nao. Chebet alisema hao ndio kuku waliovaa vizuri kuliko wote Lanet.

Siku ya Krismasi mama mkwe alikaa mezani kwangu. Mkoba aliuweka chini. Alikula wali, akala nyama, akala chapati mbele ya watu wote bila kumtaja mchungaji. Akaomba nyingine. Mimi nilijifanya naenda kuangalia jiko, nikasimama huko nikafuta macho.

Jioni tukiwa wawili tunaosha vyombo, nikapata ujasiri. Nikamwambia, "Mum, yale maneno ya jana yalinifurahisha sana."

Akaendelea kusugua sufuria. Akasema, "Yale yalikuwa ya marehemu. Ukiyataka tena, itabidi ufe vizuri."

Lakini akanipa sufuria niisuuze, na akaniita Wanjiru.

Funzo langu ni hili, wakuu. La kwanza, mkipamba huku kwetu, gari liacheni, na kama gold zimeisha town, subirini mwaka mwingine. La pili ni zito kidogo. Yule mtu mgumu nyumbani kwenu, pengine si chuki, pengine kuna kitu anaogopa na hajui kukisema. Wangu ilibidi anione nimefunikwa shuka ndio aseme. Msingoje kufika hapo.

Sasa uwanja ni wenu. Ni nani mwingine amewahi kujisikia akililiwa kwenye matanga yake? Na nyinyi wenye mama mkwe asiyetaja majina yenu, nielezeni mnaishi naye vipi. Wa kunicheka pia mkaribie, Baba Chebet ameshaanza.