Swali Lililobadilishwa Njiani

Alhamisi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Mikelenge, hapa Kindu: yule muuguzi mstaafu aliyekuwa akizisoma safu hizi na kalamu mkononi hatunaye tena. Inna lillahi. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana tu, na kujuana naye kulikuwa kazi. Tukikutana bandarini, hata salamu haijaisha, ataniuliza, "Hii ya juma lililopita, uliona ao ulisikia?" Nikisema nilisikia, ananicheka mbele za watu. Aliniudhi mno mzee yule, na kifo chake kimeniuma kuliko nilivyotarajia.

Miaka ya vita alikuwa na kituo kidogo cha afya ng'ambo ya mto Lualaba. Siku moja wenye bunduki walifunga kivuko, na mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa akafia ufukweni, mji wenye hospitali akiuona kwa macho. Mkubwa wa muuguzi akamshauri aandike malaria kwenye rejista, maana malaria haina askari wa kukasirika. Akaandika: "Alikatazwa kuvuka." Mkubwa akafoka, "Unataka watuue?" Naye akajibu, "Huyu njo amekufa, mukubwa. Sisi bado." Alisimamishwa kazi kwa muda, lakini rejista ilibaki vilevile.

Bunduki ziliponyamaza, wakaja watafiti na mpango wa kuwapa wakunga simu, ili waite hospitali kabla mama hajazidiwa. Swali lilikuwa moja, limeandikwa waziwazi kwenye karatasi ya mpango: je, akina mama wa ng'ambo sasa wanafika hospitali mapema? Mzee wetu akaajiriwa kuwasimamia wadodosaji. Walizunguka mvua na jua, na jibu likawa hapana. Simu zilipigwa, zikapokelewa kwa adabu, na mama akabaki ufukweni akisubiri mtumbwi wa mota, ambao ni mmoja tu. Lakini makala ilipotoka jaridani, swali lile halikuwemo. Mahali pake palikuwa na jingine: je, akina mama wanaridhika na huduma? Wanaridhika sana! Jamani, nani hapa Kindu asiyejua? Mgeni akiingia kwako, ukampa kiti, akakuuliza kama kitu alichokuletea ni kizuri, utamwambia kibaya? Utasema "muzuri tu", kisha umsindikize hadi barabarani. Watafiti wakaichukua heshima yetu, wakaiita matokeo.

Kibaya zaidi, jina la mzee wetu lilikuwa miongoni mwa majina ya waandishi. Ndugu zake wakafurahi, wakapika wali na kuku. Yeye hakula. Alikuwa amesikia kwamba wakubwa wa afya wanataka kuitumia makala hiyo kuuondoa hata mtumbwi ule mmoja, eti simu zinatosha. Akaingia kwenye mkutano wao na watafiti bila kualikwa, karatasi ya mpango mkononi. Nilikuwepo.

"Dokta," alimwambia kiongozi wa utafiti, "tulitoka kuuliza kama wanafika. Tumeandika kama wanafurahi. Wale wenye hawakufika, tutawauliza wapi?"

"Papa, majarida haitaki jibu ya hapana. Kazi njo iko vile."

"Basi toa jina yangu."

Mtumbwi haukuondolewa. Lakini hakuna timu iliyomwita tena kazini, na barua yake ya kuomba makala isahihishwe haijajibiwa hadi leo. Aliituma tena na tena. Niliwahi kumwambia asubiri, kwamba ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Akanijibu kuwa ukweli nao unahitaji mtu wa kuupeleka posta.

Matangani, binti yake, naye muuguzi hukohuko ng'ambo, alinieleza kuwa makala ile imeanza kutajwa katika mipango ya mikoa mingine. Nilikasirika, na hasira hii sitaki ipoe. Tumekaa pamoja, tumeiandika barua upya, tumeambatanisha karatasi ya mpango wa awali, na chini yake tumetia sahihi zetu mbili. Jarida likinyamaza, tutaandika tena. Nanyi vijana mnaojifunza utafiti, nawaomba jambo moja: swali mliloondoka nalo, rudini na jibu lake, hata likiwaaibisha. Aliyeridhika atajisemea. Aliyefia ufukweni anawategemea ninyi mwandike kwamba hakufika.