Yoeli Sumari Avaa Mabuti

Watu wote wa Arusha, wa mjini na wa migombani, wabatizwa na wasiobatizwa, wajulishwe kwamba Yoeli Sumari, tarishi wa boma, amevaa viatu. Mfalme mwenyewe huko Ulaya hakuarifiwa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka vitani na Mjerumani, ana yake.

Yalikuwa mabuti ya askari mmoja aliyerudi kutoka vitani Bama, kila kisigino kimepigiliwa kipande cha chuma. Yoeli aliyapata kwa kumtoa mbuzi wake mwenye mimba, na waliomjua yule mbuzi walisikitika.

Hakuyataka kwa ajili ya miguu. Miguu haikuwa na shida: tangu utoto alikimbia peku, akitua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kimya kama paka anayetoka jikoni na nyama. Barua ya boma ilifika baraza la Nkoaranga, huko juu mlimani, kabla jua halijafika utosini. Aliyataka kwa ajili ya Penina. Baba yake Penina, Aminieli, mzee wa kanisa, alikuwa ameapa kwamba binti yake haolewi na mtu wa peku, maana peku ni upagani. Tena mzee alikuwa kipofu. Kiatu kisicholia, kwake, hakikuwepo duniani.

Basi Yoeli akajifunza kuliza. Akawa ananyoosha mguu mbele kabisa na kutua kwa kisigino, kwa! kwa! kwa!, Meru nzima ikapata habari. Mzee, akiwa amekaa barazani kwake kando ya njia, aliridhika.

"Huyo sasa anakwenda Kikristo," alisema.

Kuyavua akishaipita nyumba hiyo? Hakuthubutu. Wanawake waendao soko la Tengeru ndio waliokuwa macho ya mzee, na macho hayo hayakuwa na siku ya kupumzika.

Haukupita muda ugoko ukaanza kuuma, kama mtu anauchonga mfupa kwa kisu butu. Likafuata goti. Akapaka mafuta ya kondoo, akaomba, akapaka tena. Asubuhi alishuka kitandani kwa mikono. Barua zikachelewa, na Bwana Shauri, mzungu mkubwa wa boma, akamwambia: ikichelewa nyingine, mkoba anapewa Lekishon.

Lekishon, Mwarusha wa ndara za ngozi ya ng'ombe, alikuwa tayari anashinda langoni pa boma akisubiri.

"Yoeli, ardhi imekukosea nini? Mbona unaipiga hivyo?"

"Nyamaza, we mchunga ng'ombe."

"Mimi naweza kunyamaza. Buti lako ndilo haliwezi."

Barua iliyofuata ndiyo iliyommaliza. Kwenye mlima baada ya Tengeru goti lilikunjika, akakaa chini katikati ya njia. Akavua mabuti, akajaribu kukimbia kama zamani. Mguu ulikataa. Mbele ya unyayo ilipogusa tu udongo, ugoko ulimchoma mpaka akaziba mdomo kwa shuka asilie mbele ya watu. Na watu walikuwepo.

"Mkwe wa mzee Aminieli amevua," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, akaongeza mwendo.

Akayavaa tena haraka. Barua ilifika baraza limeshatawanyika. Kesho yake mkoba wa boma ulining'inia begani kwa Lekishon, na Lekishon hakusikika akipita.

Mbuzi hayupo, kazi haipo, mguu haupo. Amebaki Penina. Akimkosa na huyo, basi alijivunja bure. Akajikokota hadi kwa mzee. Penina alimwona kutoka kwenye mibuni, akamkimbilia.

"Vua hayo, Yoeli. Mimi nilikupenda ukiwa husikiki."

"Baba yako lazima asikie."

"Atasikia nini, na mguu wenyewe unauburuta?"

Yoeli alipanda barazani huku jasho likimtiririka. Kwa. Kimya. Kwa. Kimya.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alisimama, akainua fimbo kama aliye mimbarani.

"Yoeli mwana wa Sumari. Nyumba hii ni ya sala. Mbele ya Mungu na mbele ya migomba yangu yote natamka: simtoi binti yangu kwa mtu anayekuja kuposa na kiatu kimoja."

Yoeli akaegemea nguzo.

"Viatu viko viwili, mzee. Mguu ndio umebaki mmoja."